Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza ni Kibarua wa Nani?

Ukisoma miongozo, hotuba na fomu zetu za elimu ya juu, utakutana na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hafanyi kazi. Ana mkopo, au ana mzazi, au ana vyote viwili. Asubuhi yumo darasani, mchana yumo maktabani, usiku amelala. Mwanafunzi huyo yupo, nami nimemfundisha, ila si wengi kama makaratasi yanavyodhani. Hapa Tanga, ukitaka kuwaona wale wengine, usiende chuoni. Nenda kwenye vibanda vya wakala wa fedha za simu kule Ngamiani, kwenye mapokezi ya nyumba za wageni baada ya saa nne usiku, kwenye mabanda ya chipsi, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye vyumba vya tuisheni vya Makorora na Chumbageni. Utamkuta kijana mwenye kitambulisho cha chuo mfukoni, wala hatakuonesha, kwa sababu ameshang'amua kwamba hakimsaidii popote. Anayemlipa atamwona mpitaji, na chuo kitamwona asiye makini.

Ninataka kuzungumzia huko kujificha. Kazi yenyewe hainishangazi, maana mimi nilianza chuo kikuu nikiwa kibarua.

Ulikuwa mwaka 2002. Nilijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, katika kituo chake cha Mkoa wa Tanga, nikiwa na umri wa miaka 21. Chuo hicho kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994 chini ya Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Mtaani kilionekana kuwa chuo cha watu wazima, na mtaa haukukosea sana. Wenzangu wengi walikuwa walimu wa sekondari, wauguzi, maofisa wa halmashauri na askari. Walikuja kwenye vipindi vya ana kwa ana na mikoba ya kazini, wakanibatiza jina la "mtoto". Wao walikuwa na ajira na mimi nilikuwa na kibarua: karani wa kuhesabu mizigo bandarini, nikiitwa na wakala wa mizigo meli inapofika.

Kwa asiyeifahamu bandari ya Tanga ya wakati ule, meli kubwa hazikufunga gatini. Kina cha maji pale gatini kilikuwa mita tatu hivi, kwa hiyo meli zilitia nanga nje, na shehena ikapelekwa au kuletwa kwa matishari yaliyovutwa na tagi. Ni juzi tu, baada ya kazi ya kuchimba na kuongeza kina iliyoanza mwaka 2019, ndipo gati zilipopata kina cha mita 13 na meli zikaanza kusogea hadi ukutani. Wakati wetu, basi, kila mzigo ulihesabiwa mara mbili, upande wa gati na upande wa meli, na hesabu mbili zisipolingana palikuwa na kesi. Kazi yangu ilikuwa kusimama na ubao na karatasi, kupiga vijiti vinne na cha tano cha kukata, huku marobota ya katani, kila moja kilo 250, yakishushwa kwenye tishari. Siku nyingine ilikuwa kahawa kutoka Kilimanjaro, siku nyingine mbolea iliyokuwa ikiingia nchini. Zamu moja ililipwa shilingi 2,500. Meli isipokuja hakuna zamu, na wiki mbili zikipita bila meli, unarudi kula kwa mama kama mtoto wa shule ya msingi.

Lakini kazi ile ilikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa popote, nacho ni kungoja. Tishari likiondoka lilichukua saa nzima, pengine mbili, kabla ya jingine kufika. Genge zima lilijilaza kwenye kivuli cha ghala. Msimamizi wetu, ambaye tulimwita serahangi kama mabaharia wa zamani walivyomwita mkuu wao, alikuwa mzee wa Pangani aliyeishia darasa la nne. Siku ya kwanza aliponiona natoa kitabu cha chuo chini ya ubao alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Soma, karani. Tishari likikaribia nitakuita mwanangu." Tangu hapo hakuruhusu mtu yeyote anipigishe soga wakati wa kungoja. Wapo waliosomeshwa na mjomba, wapo waliosomeshwa na serikali. Mimi mwaka wa kwanza nilisomeshwa na vipindi vya kungoja tishari na ukali wa mzee yule. Siku zisizo na meli nilikwenda Maktaba ya Mkoa, ile iliyojengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George VI, nikasoma mpaka feni zilipozimwa.

Malipo hayakuwa sawa sikuzote. Wakala mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa akikata zamu nzima ya karani hesabu mbili zisipolingana, hata palipoonekana wazi kwamba aliyekosea alikuwa wa upande wa meli. Nilikatwa mara tatu mwaka ule. Ningelalamika kwa nani, na kwa karatasi ipi? Jina langu lilikuwa kwenye daftari la mkononi la mtu mmoja, kwa herufi za kwanza tu.

Nilifaulu mwaka ule, na wanafunzi wangu hupenda kulisikia hili kama hadithi ya bidii. Siwakubalii. Vijana wanaonizidi bidii nimewaona, na nimewaona wakidisko. Tofauti ni kwamba chuo changu kilijua kwamba mwanafunzi wake anafanya kazi. Tarehe za vipindi vya ana kwa ana, za majaribio na za mitihani tulikuwa nazo mapema. Niliweza kumwambia serahangi mwezi mzima kabla kwamba wiki fulani sitakuwepo, naye akatafuta mtu. Hakuna mhadhiri aliyeniuliza kwa nini nina vumbi la mbolea kwenye mikono ya shati. Chuo kizima kilijengwa juu ya dhana kwamba mtu mwenye kazi ana haki ya kusoma. Vyuo vyetu vingine vyote, kikiwemo hiki ninachofundisha, vimejengwa juu ya dhana nyingine, kwamba mwenye kusoma hana kazi. Dhana hiyo haijakaguliwa tangu enzi ambazo serikali ililipa kila kitu, mpaka nauli ya kwenda nyumbani likizo.

Watu wa mkoa huu wanapaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Neno lenyewe kibarua limetokana na barua, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili kithibitishe siku yake. Mashamba ya mkonge, tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche yake pwani ya Pangani mwaka 1893, yaliendeshwa kwa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi iliyokamilika ikitiwa alama, na mshahara ukitoka kadi inapojaa. Walioletwa kutoka mbali kwa mikataba waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba. Sina nia ya kumlinganisha mwanafunzi na manamba; yule aliteswa kwa namna ambayo kijana wa chuo haijui. Naona jambo moja tu, nalo linanikera. Manamba alikuwa na kadi. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekesha mapokezi ya nyumba ya wageni hana hata hicho kipande.

Nije kwa kijana mmoja, bila jina wala kozi. Ni wa mwaka wa kwanza, asili yake kijiji cha wavuvi kusini ya Pangani. Muhula uliopita jina lake lilikuja mezani kwangu katika orodha ya wasiotimiza asilimia 75 ya mahudhurio, ambao kwa kanuni za chuo chetu hawaruhusiwi kufanya mtihani wa somo. Nilikagua daftari. Vipindi vyote alivyokosa vilikuwa vya saa moja na nusu asubuhi. Hilo halikuwa geni. Kigeni kilikuwa mpangilio wake: alikuwa akitoweka wiki mbili au tatu, kisha anaonekana siku kama nane mfululizo, amenyooka, anajibu maswali, halafu anatoweka tena. Nilidhani ni ugonjwa. Mwenzangu mmoja ofisini, mtu wa Mkinga, aliitazama orodha akacheka: "Huyu anafuata mwezi."

Ilikuwa kweli. Dagaa wa pwani yetu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki na vyombo hupumzika. Kijana huyu alikuwa akimwandikia hesabu dalali wa dagaa pale soko la samaki la Deep Sea. Vyombo huingia alfajiri, ndoo zinashuka, mnada unaanza, na lazima awepo mtu anayejua kuandika haraka ni ndoo ngapi za chombo kipi zimechukuliwa na nani kwa bei gani. Hulipwa kwa siku, na hupewa mboga. Kazi huisha saa tatu, na kuanzia hapo hutaka kuoga. Kwa maneno mengine, anafanya kazi ileile niliyoifanya mimi miaka zaidi ya 20 iliyopita, mwendo wa dakika chache kutoka nilipoifanyia.

Nilimwita ofisini. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Nilimwambia aandike barua ya udhuru, aeleze. Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikiandika ukweli, Bodi hawataiona?"

Swali hilo limenikaa rohoni kuliko jambo lolote la muhula ule, na ndilo lililonifanya niandike. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humtaka mwombaji awe hana ajira au mkataba wa kazi, serikalini au sekta binafsi, unaomwingizia mshahara. Sharti lenyewe lina mantiki yake. Fedha ni chache, na haifai mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi ashindane na mtoto wa mkulima. Kuandika ndoo za dagaa si ajira ya mkataba, na kwa kusoma maneno yalivyo, kijana huyu hana la kuogopa. Lakini hofu haisomi vifungu. Kinachofika kwa mwanafunzi kutoka kwenye sharti lile ni kwamba kazi ni kitu cha kukanusha. Na anayekanusha kazi yake hawezi kudai chochote kutokana na kazi hiyo.

Hapo ndipo anayemlipa anapofaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake: malipo, saa, mahali. Kifungu cha 15 kinamwacha nje anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Hesabu mwenyewe, ndugu mwanafunzi: anayefanya kazi kila Jumamosi na Jumapili anafikisha siku nane. Binti wa mapokezi ya wikendi anastahili karatasi ile kisheria. Nimewauliza wanafunzi wa madarasa yangu mawili ni nani aliyewahi kuipata, na hakuna mkono uliopanda. Upande wa pili, kifungu cha 35 kinaondoa kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali kwa mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, na mwanafunzi, ambaye hukatiza kazi kila mitihani inapofika, ni nadra kufikisha miezi hiyo. Sheria haikumkusudia ubaya. Haikumfikiria tu.

Nilipoyasema haya kwenye kikao cha idara, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinijibu kwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Methali ni ya kweli, na hesabu inamuunga mkono. Kwa kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kusoma, na mwaka wa shahada ni krediti 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki, karibu sawa na saa 45 ambazo sheria ya kazi imeziweka kuwa ukomo wa kawaida wa mfanyakazi. Mwanafunzi anayeongeza saa 20 za kibarua anabeba saa 60. Mwili wa miaka 20 unaweza. Akili nayo inaweza kwa muda, kisha huanza kunakili kazi za wenzake. Sitamdanganya mtu kwamba kibarua humkomaza kila anayekifanya. Wapo waliokomazwa, wapo waliochoshwa tu, na wapo waliohesabiwa kuwa wavivu kumbe wametoka zamu saa kumi na moja alfajiri.

Ila methali inasema na mtu mwenye uchaguzi. Kijana wa dagaa akiachia moja, ataachia lipi? Akiachia dagaa, chumba cha Mwanzange kinakwenda, na masomo yanafuata mwezi unaofuata. Yeye hajashika mawili. Ameshika moja lenye vipini viwili.

Na kuna kitu cha ajabu katika sera zetu. Taifa hili liliwahi kuamini kwamba kazi na elimu havitengani. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba, na shamba liwe darasa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi, likataka anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa katika miaka ya 1980, na sina hamu ya kuurejesha. Wengi waliupitia kwa uchungu. Lakini baada ya kuuacha hatukuweka kitu. Leo Mtanzania akipata nafasi ya shahada Uingereza, viza yake humwambia kwa namba: wakati wa muhula usizidi saa 20 za kazi kwa wiki. Akienda Marekani atakutana na ukomo kama huo, tena kwa kazi za ndani ya chuo. Watoto wetu wanafanya kazi katika maktaba na mabweni ya watu, kwa mkataba, na wakirudi tunawasifu kwa uchapakazi. Aliyebaki Tanga hana anayemwambia saa 20, wala saa 50, wala chochote. Kule Chongoleani lilikojengwa gati la bomba la mafuta wamekwenda pia, likizo kwa likizo, wakirudi na buti za kazi na bila barua hata moja ya kuonesha walikuwa wapi.

Ndugu zangu wa Bodi na wa Wizara, jambo ninaloliomba ni dogo mno kuitwa mageuzi. Andikeni sentensi moja katika mwongozo, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba kibarua cha saa chache wakati wa masomo hakimwondolei mtu mkopo. Fedha zile zitarudi kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wake. Ni kwa faida ya Bodi pia kwamba amalize. Kwa vyuo, kuna kazi nyingi za kuhesabu, kupanga na kuandika katika maktaba, maabara na ofisi zetu ambazo mwanafunzi angeweza kuzifanya saa kumi kwa wiki, kwa karatasi yenye sahihi. Na ratiba itoke kabla ya muhula. Yetu muhula uliopita ilibadilishwa mara nne ndani ya wiki tatu, na kila badiliko lilimgharimu mtu zamu.

Kikao cha idara hakikukubali haya yote, na hakikuwa na mamlaka nayo. Kilikubali mambo mawili. Kijana wa dagaa aliruhusiwa kufanya mtihani wa masomo mawili, na somo la tatu akatakiwa kulirudia mwakani, kwa sababu mahudhurio yake hapo yalikuwa chini mno hata kwa mwenye huruma. Hakulalamika. Aliuliza tu ada ya kurudia ni kiasi gani, akaandika kwenye kiganja.

La pili, niliruhusiwa kuhamisha kundi moja la semina kutoka saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa majaribio ya muhula mmoja, bila kutaja sababu kwenye tangazo. Kundi lilikuwa na nafasi 25. Nilibandika karatasi saa tatu asubuhi. Niliporudi saa sita mchana nafasi zote zilikuwa zimejaa, na pembeni ya karatasi, nje ya mistari, palikuwa na majina mengine kumi na saba.